Barua kwa mwanangu: Pima tena kabla jua halijachomoza

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo. Tangu ulipopiga simu juzi usiku sijapata usingizi wa maana, nikaona bora nikae niandike, kwa sababu kwenye simu kila nikianza kusema unanikatisha kwa "usijali, Baba".

Ulinieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba boriti moja ya chuma imepinda milimita 14 na michoro hairuhusu hivyo, ila msimamizi wako anasema ilikuja hivyo kutoka kiwandani, isikusumbue. La pili ulilitaja harakaharaka wakati unaaga: harusi mmeisogeza mbele tena, kazi imebana. Naanza na boriti.

Maneno hayo ya "ilikuja hivyo" yalishasemwa zamani, na watu walikufa. Mwaka 1907 kule Quebec, Kanada, lilikuwa likijengwa daraja la chuma juu ya mto Saint Lawrence. Urefu kati ya nguzo kuu ulikuwa umeongezwa kutoka mita 488 hadi 549, lakini hesabu ya uzito wa daraja lenyewe haikurekebishwa ipasavyo. Mhandisi kijana aliyekuwa saiti, Norman McLure, akaona vyuma vya chini vinapinda, akapima. Kimoja kilisoma kama milimita 19, baadaye kikasoma 57. Wakubwa wakabishana, wengine wakishikilia kwamba kilikuwa kimepinda kabla hakijapandishwa. McLure akasafiri hadi New York kumwona mshauri mkuu, Theodore Cooper, naye alipoziona zile namba akatuma telegramu kwamba usiongezwe uzito wowote. Telegramu ikaenda ofisini kwa mkandarasi, si saiti. Jioni hiyohiyo, tarehe 29 Agosti, daraja lilianguka. Walikufa wafanyakazi 75.

McLure alipima vizuri, mwanangu. Kilichowaua watu ni kwamba kazi iliendelea juu ya chuma kilekile wakati namba zake zikiwa safarini.

Kwa hiyo kesho pima tena, kabla jua halijachomoza, maana chuma kikipata joto upande mmoja kinajikunja chenyewe na rula itakudanganya. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, pima palepale ulipopima mwanzo, paweke alama ya rangi. Ikisoma 14 siku tatu mfululizo, huenda msimamizi wako anasema kweli, ingawa bado aliyechora ndiye wa kuamua kama inafaa. Ikisoma 16, boriti hiyo inatembea, na asipite mtu juu yake hata na toroli. Usingoje hizo siku tatu ndipo umwandikie huyo aliyechora. Mwandikie leo, weka namba, saa na tarehe, nakala ubaki nayo, na uombe pale pasiongezwe mzigo mpaka ajibu. Wakisema unachelewesha kazi, waache waseme.

Sasa harusi.

Usiku uliozaliwa wewe nilikuwa juu ya nguzo, tunamwaga zege. Unalijua zege: ukilikatisha katikati, la chini linashika, la juu haliungani nalo, na umeacha mshono dhaifu ndani ya nguzo. Miaka yote nimewaambia watu "zege halisubiri", nao wakanielewa. Ambalo sikumwambia mtu ni kwamba mwenzangu wa zamu ya mchana alirudi saa nne usiku, akanishika bega, akasema, "Nenda kwa mkeo, nitalisimamia mimi." Nikakataa. Niliona hakuna wa kulitazama kama mimi. Nikafika asubuhi, saruji imekaukia kwenye viatu, nesi akanizuia mlangoni nivivue. Mama yako alikuwa amelala, wewe uko kifuani pake, umeshanyonya, umeshalia, umeshanyamaza, yote hayo bila mimi. Hakuwahi kunilaumu, kwa kuwa aliamini hapakuwa na mtu mwingine. Jana nimemwambia ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwandikie mtoto."

Najua utasema wewe ni mhandisi na mimi nilikuwa msimamizi wa zege tu, mzigo wako ni mwingine. Basi mtazame Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn kule New York. Mwaka 1872 aliangushwa na maradhi ya kufanya kazi ndani ya misingi yenye hewa iliyoshindiliwa, akashindwa kwenda saiti. Mkewe, Emily, alijifunza hesabu na habari za vyuma na kamba, akawa anapeleka maelekezo kwa wasaidizi wake na kurudi na majibu, zaidi ya miaka 10, mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883. Simtaji Emily ili mchumba wako aanze kukusomea michoro. Natazama vile Roebling alivyolazimika kuwaachia wengine kazi aliyoijua kuliko wote, na daraja likasimama. Kwake ilikuwa ugonjwa. Wewe ni mzima, unaweza kuchagua.

Kwenye simu hukuniambia mwenzio amesemaje kuhusu kusogeza tarehe. Nahisi hukumuuliza, ulimwarifu. Muulize. Halafu tafuta pale saiti mtu mmoja unayemwamini, mkabidhi daftari lako la vipimo, mwelekeze kila alama ya rangi ilipo, umwachie siku 10.

Nipigie kesho ukishapima. Nataka kusikia namba ya boriti, na tarehe ya harusi.

Baba yako