Umerithi dishi na king'amuzi bila kitabu cha maelekezo? Usiligeuze kwanza

Msiba ukishapita na vitu vikishagawanywa, haipiti muda mtu anafika karakana kwetu hapa Ngamiani, Tanga, na king'amuzi ndani ya mfuko. Dishi limebaki kwenye nyumba ya mzee. Rimoti haionekani, kitabu hakijulikani kiliko, na aliyekuwa akijua kila kitu ndiye aliyezikwa. Tunampa pole, kisha swali letu la kwanza huwa ni hili: kuna mtu ameshaligusa dishi?

Tunauliza kwa sababu dishi lililofungwa na fundi miaka kumi iliyopita huenda bado linaitazama setilaiti yake. Setilaiti hizi zimekaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa zinazunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kwetu sisi huonekana kama hazisogei. Lakini dishi likisogea nyuzi mbili tu, picha imekwenda. Vijana wakishalizungusha, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, chukua rangi uweke alama pale dishi linaposhikana na nguzo, na pale LNB (kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi ya dishi) inapobanwa kwenye mkono wake. Kisha shuka uanze na vya chini.

Geuza king'amuzi utazame mgongoni. Tundu la waya likiwa na nyuzi za kukazia na maandishi LNB IN, hicho ni cha dishi. Likiwa la kuchomeka tu na limeandikwa ANT IN, hicho ni cha antena, na hata ukitafuta chaneli mpaka asubuhi hakitafanya kazi na dishi. Nyumba nyingi zina vyote viwili kabatini, maana mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walinunua ving'amuzi vya antena, na vya dishi vikaja kuongezwa. King'amuzi cha dishi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya uleule unaoleta picha, na ndio unaoiwasha LNB. Ndiyo maana tunasisitiza: chomoa umeme kabla ya kufungua waya. Unyuzi mmoja wa ule wavu unaozunguka ndani ya waya ukigusa shaba ya katikati wakati king'amuzi kimewashwa, unaweza kuunguza king'amuzi.

Waya wenyewe, kwa huku kwetu pwani, ndio mtuhumiwa wa kwanza. Chumvi ya bahari huingia kwenye kichwa cha waya na kuigeuza shaba kuwa ya kijani. Kata kipande kama cha urefu wa kidole, menya upya mpaka uone shaba inang'aa, ufunge kichwa kipya. Halafu tazama mdomo wa LNB. Kifuniko chake kikipasuka, maji huingia, na nyigu hujenga humo.

Sasa, dishi lenyewe linakuambia lilikuwa la huduma gani. Simama nyuma yake na dira ya simu. Hapa Tanga, dishi la Azam hutazama magharibi, upande linakozama jua, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 7 Mashariki. Lililofungwa kwa setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, ambayo DStv huitumia, limelala karibu chali, kwa sababu setilaiti hiyo iko karibu na utosi wetu. Dishi kubwa la wavu, la futi sita au nane, LNB yake ikiwa katikati, hilo ni la C-band, yaani mawimbi ya setilaiti yanayopokelewa kwa madishi makubwa.

Hapo kuna jambo linalowapoteza hata watu makini. Haya madishi madogo, ambayo LNB imekaa kwa chini, hayapokei mawimbi kutoka pale uso wake unapoelekea. Yanapokea kutoka juu zaidi, kwa nyuzi ishirini na kitu. Mama mmoja wa Pongwe alituita baada ya picha kuwa inakuja upepo ukivuma na kupotea ukitulia. Wanawe walikuwa wameshakata matawi yote ya mwembe yaliyokuwa mbele ya uso wa dishi, bila mafanikio. Matawi yaliyoziba yalikuwa ya kileleni. Marehemu alipofunga lile dishi, mwembe ulikuwa mche. Tulipunguza kilele, picha ikarudi, na dishi hatukuligusa.

Kama vyote hivyo ni sawa na bado hakuna picha, ingia kwenye menyu. Ikidai namba ya siri, jaribu 0000, kisha 1234. Ving'amuzi vingi hutoka kiwandani na mojawapo. Kwenye aina ya LNB, zile ndogo za kisasa kwa kawaida ni 9750/10600, na ile ya dishi kubwa kwa kawaida ni 5150, lakini soma kibandiko chake kwanza. Utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Usifurahie ule wa nguvu. Huo unaweza kupanda kwa sababu tu LNB ina umeme, hata dishi likitazama ukuta. Wa ubora ndio unaosema setilaiti imepatikana.

Kuna vifaa ambavyo hatutakubali kukutengenezea, na ni vizuri ujue mapema. King'amuzi cha zamani kisichosoma DVB-S2, mfumo mpya zaidi wa kurusha chaneli kwa setilaiti, hakitaonyesha chaneli zilizohamia mfumo huo, hata kikiwa kizima. Kukitengeneza ni kukulia pesa yako. Dishi, nguzo na mara nyingi waya vinabaki vilevile. Unabadilisha king'amuzi tu.

Kama ni cha kulipia na kadi imesajiliwa kwa jina la marehemu, usiitupe kadi. Nakili namba yake na namba ya king'amuzi, nenda kwa wakala wa huduma hiyo ukaulizie kubadilisha jina kabla hujalipia kifurushi.

Ukitaka tukusaidie bila kupoteza nauli, tupigie picha nne: mgongo wa king'amuzi, maandishi ya adapta yake, kibandiko cha LNB, na dishi kwa nyuma dira ya simu ikionekana. Picha ya LNB ipigwe na mtu aliyezoea kupanda. Paa likiwa limeoza au nyaya za umeme zikipita karibu, mwache asipande. Tutakuja na ngazi yetu.