Kamandi ya anga ya Solomon haikuwa ya jeshi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala ya gazeti hili juu ya vita vya Pasifiki, iliyoeleza kwamba ndege zilizowasukuma Wajapani kutoka Visiwa vya Solomon mwaka 1943 zilikuwa za Jeshi la Wanamaji la Marekani, na wengine walikuwa wasaidizi tu. Nimefundisha historia katika shule za sekondari hapa Dodoma, na ninajua kwamba wanafunzi wetu husikia zaidi habari za Burma na Madagaska, walikopigana babu zao wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza). Kuhusu Solomon, watakachokisoma gazetini ndicho watakachobaki nacho.

Kamandi iliyoziongoza ndege hizo, iliyofahamika kwa kifupi kama AirSols (yaani Aircraft, Solomons), iliundwa Februari 1943 katika kisiwa cha Guadalcanal, siku chache baada ya Wajapani kuwaondoa askari wao wa mwisho kisiwani humo. Chini yake waliwekwa marubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, wa kikosi cha Marine (askari wa Marekani wa mashambulizi ya kutokea baharini), wa kikosi cha anga cha Jeshi la Nchi Kavu (wakati huo Marekani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea), pamoja na wale wa Jeshi la Anga la New Zealand. Ni kweli kwamba makamanda wa mwanzo, Charles Mason na Marc Mitscher, walikuwa maadmirali, na nadhani hapo ndipo mwandishi alipopotea. Lakini Julai 1943 uongozi ulikabidhiwa kwa Nathan Twining wa Jeshi la Nchi Kavu, na Novemba mwaka huohuo ukaenda kwa Ralph Mitchell wa Marine. Rubani angeweza kuanza mwaka akiongozwa na admirali na kuumaliza akiongozwa na jenerali wa Marine, bila kuhama kamandi.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na kwangu ndilo kiini cha habari yote, ni namna mamlaka yalivyogawanywa. Kila jeshi liliendelea kushughulikia watu wake kwa mishahara, vyeo, nidhamu na uhamisho, ilhali amri ya ndege ipi iruke, lini na kwenda wapi ilitoka kwa kamanda mmoja. Ndege zenyewe zilipangwa kwa kazi zake, za kivita upande mmoja, za mabomu makubwa upande mwingine, na zile za kushambulia meli na ngome kwa karibu upande wake, badala ya kupangwa kwa kufuata sare ya anayezirusha. Sisi wa mkoa huu tuna mfano mzuri wa tofauti hiyo: pale Kongwa, miaka ya 1960, wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine vya ukombozi walikaa jirani, lakini kila chama kilikuwa na kambi yake na makamanda wake. Kukaa pamoja ni jambo moja, kupokea amri kutoka mdomo mmoja ni jambo jingine, na huko Solomon lilitimia hili la pili.

Tukio la tarehe 18 Aprili 1943, alipouawa Admirali Isoroku Yamamoto, mkuu wa meli za kivita za Japani, angani juu ya kisiwa cha Bougainville, linaonyesha hivyo kuliko maelezo yoyote. Makala ililiita ushindi wa Jeshi la Wanamaji. Ujumbe wa siri wa Wajapani kuhusu safari yake ulisomwa kweli na wataalamu wa Jeshi la Wanamaji, na Mitscher ndiye aliyekuwa kamanda. Lakini ndege za kivita za wanamaji na za Marine hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali kiasi hicho, kwa hiyo zikatumwa ndege za kivita aina ya P-38 za Jeshi la Nchi Kavu zikiongozwa na Meja John Mitchell. Katika upangaji wa safari alishiriki ofisa wa Marine, na Mitchell akafungiwa dira ya wanamaji ndani ya ndege yake, kwa sababu alipaswa kuzunguka mbali juu ya bahari, chini sana, bila alama ya kumwongoza. Ndege 16 zilifika. (Marubani wawili wa kikosi hichohicho baadaye waligombania miaka mingi nani hasa aliyemwangusha Yamamoto, jambo linaloonyesha kwamba ugomvi haukuhitaji majeshi mawili.)

Sitaki, hata hivyo, kuupamba umoja huo kupita kiasi. Kulikuwa na maeneo mawili ya vita, moja la Jenerali MacArthur upande wa New Guinea na jingine la Admirali Halsey, ambaye kamandi hii ilikuwa chini yake, na ngome kubwa ya Wajapani ya Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, ilipigwa kutoka pande zote mbili: Oktoba 1943 na ndege za Jenerali Kenney, aliyekuwa chini ya MacArthur, kutoka New Guinea, kisha kuanzia Desemba na ndege za Solomon. Katika msafara wa kwanza wa ndege za kivita za Solomon kwenda Rabaul, tarehe 17 Desemba, walikuwamo marubani wa New Zealand, na kiongozi wao hakurudi. Kuwaita watu hao wasaidizi si haki. Februari 1944 Wajapani waliondoa ndege zao za kivita Rabaul, na askari wao walioachwa huko wakabaki wamezingirwa hadi waliposalimu amri Septemba 1945, bila ngome hiyo kuvamiwa.

Ninaomba basi, kama sehemu ya pili ya makala bado haijachapishwa, mwandishi awape watu wa New Zealand nafasi yao, na awataje pia walinzi wa pwani wa Australia na wenyeji wa Solomon waliojificha milimani wakiripoti kwa redio ndege za adui zinazokuja, maana bila taarifa zao marubani wengi wangekutwa bado wako ardhini.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Dodoma