Nakimbia kwa jina la mdogo wangu, na hesabu ziko wazi

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja wa gazeti lako aliandika majuzi kwamba watu wanaokimbia, kupanda milima au kuendesha baiskeli siku kadhaa kwa ajili ya kumkumbuka marehemu wao wangefanya la maana zaidi kama wangetoa hizo fedha kimyakimya na kubaki nyumbani. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu mimi ni mmoja wa anaowasema. Najiandaa kukimbia marathoni, kilomita 42.195, kuchangia chama kinachowasaidia wagonjwa wa figo kulipia matibabu. Nakimbia kwa jina la mdogo wangu aliyefariki kwa maradhi hayo. Ni mhasibu mstaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Pale anaposema kweli nimkubalie kwanza. Wapo watu wanaochangisha safari yao wenyewe. Tiketi ya ndege, hoteli, fulana na viatu vyote vinatoka kwenye mchango, kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwa wagonjwa, na picha zinapigwa nyingi kuliko risiti. Hata pasipo ulaghai wowote, gharama zipo. Katika marathoni ya London, kwa mfano, mashirika ya hisani hununua nafasi, kisha kila mkimbiaji huahidi kukusanya kiasi fulani cha chini. Sioni ubaya, ila mchangiaji ana haki ya kuambiwa kwamba sehemu ya fedha yake imelipia nafasi hiyo.

Na jina zuri halimlindi mtu. Mwaka 2020 mzee Tom Moore wa Uingereza, akiwa na miaka 99, alitembea mizunguko 100 bustanini kwake akijisaidia na kigari cha kutembelea. Alitaka pauni 1,000. Zikapatikana zaidi ya milioni 32, zikaenda kwa mashirika ya hisani ya huduma ya afya. Hizo hazina doa. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na tume inayosimamia mashirika ya hisani, na ripoti ya mwaka 2024 ikasema watu wa familia yake walikuwa wamejinufaisha. Mzee mwenyewe alikwishafariki mwaka 2021.

Kwa hiyo mimi ada ya kujiandikisha, viatu, nauli na malazi nimelipa kutoka mfukoni. Michango siigusi. Inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, na chama kinampa kila mtu risiti yake. Wapo wanaoniletea taslimu mkononi kwa kuniamini. Nawashukuru, nawaandikia namba ya akaunti, nawarudishia. Baadhi wameudhika. Sawa tu.

Sasa kwa nini nisitoe fedha nikakaa?

Mdogo wangu alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Hiyo ndiyo ratiba ya kawaida ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, na haijui sikukuu wala likizo. Mkononi alikuwa na mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili damu ipite kwa kasi. Ukiugusa kwa kidole ulihisi ukinguruma kama simu iliyozimwa mlio. "Dada, pokea," alikuwa akiniambia, "ni yako hiyo."

Maji alipimiwa. Figo zisipoyatoa, yanabaki mwilini, miguu inavimba, moyo na mapafu vinaelemewa. Siku za joto alimung'unya vipande vya barafu akivihesabu. Huku kwenye mazoezi, kocha wetu anatuonya kwamba hata mwenye figo nzima akibugia maji kupita kiasi katika mbio ndefu, chumvi ya damu inaweza kushuka akaanguka, hata akafa. Basi nakunywa nikisikia kiu tu. Namkumbuka hapo, nikiwa na kikombe mkononi. Katika kukimbia kwenyewe nawaza vidole vya miguu yangu, hasa kile ambacho ukucha wake umegeuka mweusi.

Jambo ambalo msomaji mwenzangu hakulifikiria ni muda. Hundi inaandikwa dakika moja, ikishatumwa imesahaulika. Marathoni kwa mtu wa umri wangu ni miezi: kupimwa moyo na presha kwanza, kisha kutembea, kisha kuchanganya kutembea na kukimbia, huku umbali ukiongezwa kidogo kidogo. Miezi yote hiyo watu wanauliza. Jirani aliyekuwa akinikwepa kwa kutojua amwambie nini mfiwa, sasa anasimama: "Umefikisha kilomita ngapi?" Hatuachani kabla hajamtaja marehemu kwa jina. Wengine wameuliza aliugua vipi, nikawaambia kwamba kisukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyoongoza kwa kuua figo, wakaenda kupima. Hundi yangu isingewafikisha huko.

Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alianza Aprili 1980 kukimbia akitaka kuvuka nchi yake. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipoingia mapafuni ikamsimamisha. Alifariki Juni 1981. Makampuni yaliyotaka kujitangaza kupitia kwake aliyakatalia. Mfanyabiashara Isadore Sharp, aliyepigania mbio za kila mwaka kwa jina la kijana huyo, alikuwa amemzika mwanawe mwaka 1978, naye kwa saratani. Simshangai.

(Wanawe marehemu wameniruhusu niweke picha yake kwenye fulana. Ya hospitali wameikataa, na wana haki.)

Kwako Mhariri nina ombi. Gazeti linapoandika kwamba mbio au matembezi fulani yamekusanya fedha nyingi, mwandishi aulize pia zimetumika ngapi kuzikusanya, na zimeingia akaunti ya nani. Majibu yachapwe kwenye habari ileile. Hesabu zangu nitakuletea mwenyewe pamoja na risiti, wiki moja baada ya mbio, nikiweza kupanda ngazi za ofisi yako.

Mhasibu mstaafu