Kabla ya kugawa mbegu, chimbeni udongo

Mhariri,

Kila baada ya mafuriko au vita, taarifa huwa ni zilezile: ekari kadhaa zimeharibika, magunia kadhaa yamepotea, mbegu za msaada ziko njiani. Hiyo ni hesabu ya msimu uliokwisha kufa. Msimu unaofuata huamuliwa na udongo, na udongo huo hakuna anayeushika mkononi kabla malori ya mbegu hayajafika.

Tuanze na mafuriko. Maji yakipungua huacha mchanga juu ya shamba, na cha kwanza kupimwa ni kina chake. Usiozidi sentimeta 5 huchanganyika na udongo wa chini kwa kulima kawaida. Kati ya 5 na 20 inatakiwa plau inayozama zaidi. Ukizidi hapo, usambazwe au uondolewe. Mbegu iliyopandwa juu ya mchanga mzito huota vizuri tu, kisha mche unanyauka jua likikaza, maana mchanga haushiki maji. Lawama huishia kwa mbegu.

Tatizo jingine halionekani kwa macho. Shamba likikaa wiki nyingi chini ya maji bila mmea wowote, hupungua mno wale kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuisaidia kufyonza fosforasi. Mahindi yanayofuata hudumaa na majani yake hugeuka zambarau, hata kama fosforasi imo ardhini. Hapo mbolea ya fosforasi iwekwe karibu na mbegu, sentimeta 5 pembeni na 5 chini yake, au kwanza ipandwe kunde ili kuvu hao warudi. Kumwaga urea hakutibu hali hiyo.

Yakiingia maji ya bahari, kama ilivyokuwa katika mashamba ya mpunga ya Aceh, Indonesia, kwenye tsunami ya Desemba 2004, kazi ni kuosha chumvi. Maji yasiyo na chumvi ya kina cha sentimeta 30 yakipenya hadi chini huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi iliyo katika sentimeta 30 za juu. Yakipenya, nasisitiza. Mitaro ya kutolea maji ikiwa imeziba, chumvi hupanda tena juu shamba linapokauka.

Vita navyo huiba majira. Mkulima akikimbia wiki tatu za kupanda, mwaka mzima umekwenda. Akirudi, mbegu zimeliwa, maksai hawapo, na huenda shamba limetegwa mabomu. Hilo lisiguswe hata kwa jembe mpaka wategua mabomu watoe ruhusa. Hata hazina kubwa za mbegu hazisalimiki. Mwaka 2015 kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA, ambacho benki yake ya mbegu ilikuwa karibu na Aleppo, Syria, kililazimika kuomba nakala zake zilizohifadhiwa katika ghala la mbegu la dunia huko Svalbard, Norway. Kihenge cha mkulima hakina nakala popote.

Ndiyo maana mbegu za msaada zijaribiwe kabla ya kugawiwa. Hesabuni 100, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu, mzikague siku ya 7. Zikiota 85, pandeni kawaida; zikiota 70, ongezeni mbegu shimoni; chini ya 60, zirudisheni. Zilizopakwa dawa zisiliwe kamwe, njaa iwe kali namna gani.

La mwisho halimo kabisa katika bajeti za maafa: ardhi iliyochoka hugeuza mvua ya kawaida kuwa janga. Milimita 1 tu ya udongo ikisombwa kwenye hekta moja ni kama tani 12, tena ni ile ya juu yenye mboji. Makinga maji, yaani matuta yanayokatiza mteremko, husaidia, lakini mengi huchimbwa kwa kukisia. Tuta likiinama kidogo, maji hukusanyika upande mmoja, hulivunja na kuchimba korongo baya kuliko la awali. Nguzo mbili za mita 2 zilizounganishwa kwa umbo la A, kamba na jiwe la kuning'iniza vinatosha kupima usawa.

Fomu za tathmini ziongezewe mistari minne: kina cha mchanga, chumvi ya udongo, hali ya mitaro, na idadi ya mbegu zilizoota katika 100. Vifaa vyake ni sururu, rula, kipimo cha chumvi na kitambaa.

Mtaalamu wa udongo