Theluji haikati kiu: barua kwa Mwalimu Ngonyani

Tanga,
12 Juni

Ndugu yangu Mwalimu Ngonyani,

Habari za Songea na baridi yake ya Juni? Barua yako nimeipata, na swali la yule binti wa Kidato cha Pili nimelirudia mara mbili: "Kama Antaktika nzima ni maji yaliyoganda, mtu atakufaje kwa kiu kule?" Mnunulie soda. Nikimjibu huyo sawasawa nitakuwa nimegusa karibu yote uliyoniorodheshea, kuanzia milima hadi wale Waingereza walioishia njiani.

Kwanza, ile ramani yako ya ukutani igeuze uso. Inaionyesha Antaktika kama utepe mweupe uliotandikwa chini ya dunia, wakati bara lenyewe linakaribia duara lenye mkia. Mkia huo ni Rasi ya Antaktika, unaonyooka kuelekea ncha ya Amerika Kusini. Eneo lote ni kama kilomita za mraba milioni 14, yaani Tanzania kumi na tano hivi, na asilimia 98 limefunikwa na barafu. Safu ya milima ya Transantarctic, urefu wa kilomita 3,500, inalikata vipande viwili. Upande wa mashariki ni nchi kavu pana chini ya barafu. Upande wa magharibi, barafu ikiondolewa, sehemu kubwa itabaki bahari na visiwa.

Unene wa barafu hiyo ni wastani wa kilomita mbili hivi, na kuna mahali inapita mita 4,700. Mlima mrefu kuliko yote kule ni Vinson, mita 4,892. Waambie watoto Kilimanjaro inaupita kwa mita 1,003, darasa litachangamka. Na wakidhani moto haujafika huko, upo mlima Erebus: volkano hai ya mita 3,794, ina ziwa la lava kreta mwake na theluji mabegani.

Unene huo ndio unaolipandisha bara juu, na hapo pana sababu moja kubwa ya baridi ambayo vitabu vingi vya shule huipita haraka. Ncha ya Kaskazini ni bahari iliyoganda juu, na maji yaliyo chini yake yana joto kuliko hewa. Ncha ya Kusini imekaa mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na karibu kimo chote hicho ni barafu tupu. Ongeza weupe unaorudisha angani mionzi mingi ya jua, na mkondo wa bahari unaolizunguka bara zima na kuyazuia maji ya uvuguvugu yasilifikie. Wastani wa mwaka pale Nchani ni nyuzi 49 chini ya sifuri. Kituo cha Vostok, kilichoko mita 3,488, kilipima −89.2 tarehe 21 Julai 1983, na hakuna kipimajoto kilichosimikwa ardhini kilichowahi kusoma chini ya hapo.

Leo ninapokuandikia, Nchani ni giza. Jua lilizama Machi na litachomoza Septemba. Kwa hesabu yetu ya saa, saa kumi na mbili asubuhi ya kule iko Septemba na saa kumi na mbili jioni iko Machi. Anayefuturu kwa kuangalia magharibi ana kazi. Wamarekani wenye kituo pale wanafuata saa za New Zealand kwa sababu ndege zao hutokea huko.

Upepo nao una tabia yake. Hewa iliyopoa juu ya uwanda inakuwa nzito, inateremka mteremko kama maji, na inazidi kasi kila bonde linapoibana. Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wanaujua upepo wa usiku unaoshuka mlimani. Huo ni mdogo wake. Pale Cape Denison, pwani ya Antaktika, ambako kundi la mpelelezi Douglas Mawson lilikaa tangu 1912, wastani wa upepo kwa mwaka ulikuwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Nasema wastani, si dhoruba. Lakini mawingu hayaleti kitu cha maana: katikati ya bara, theluji ya mwaka mzima ikiyeyushwa haizidi sana milimita 50. Masika ya Dar es Salaam inaweza kumwaga zaidi ya hiyo kwa siku moja. Kwa hiyo ni jangwa, na theluji unayoiona ikiruka nyingi ni ya zamani inayohamishwa na upepo.

Sasa turudi kwa binti. Bara hilo limeshika sehemu kubwa ya maji baridi ya dunia (Kiswahili kimeyaita maji baridi, na kwa hapa ni baridi kwelikweli), ila hakuna tone utakalolinywa bila moto. Mwombe mwalimu wa fizikia akupigie hesabu hii ubaoni. Kilo moja ya theluji yenye nyuzi −40 inataka kilojuli 84 kufika sifuri, halafu kilojuli 334 kuyeyuka tu, bila joto lake kupanda hata nyuzi moja. Kutoka hapo hadi kuchemka, kwenye nyuzi karibu 90 kwa sababu hewa ya kule juu ni nyepesi, ni kilojuli kama 377. Maana yake zaidi ya nusu ya mafuta yamekwisha na bado unatazama maji ya sifuri. Ukiamua kuila theluji kavu hivyo hivyo, kazi ileile inafanywa na mwili: kilo moja inakudai kama kilojuli 570, na mwili uliochoka hauna za kugawa.

Namna ya kuyeyusha nayo ina adabu zake. Sufuria haiwekwi jikoni na theluji kavu. Unabakiza maji kidogo ya safari iliyopita, kiasi cha kufunika kitako, ndipo unaongeza theluji kidogo kidogo. Bila hayo maji, theluji ya chini inanywewa na ile ya juu yake, kitako kinabaki kitupu, sufuria inaungua na maji yanapata ladha ya moshi siku nzima. Theluji laini ni hewa tupu: unajaza sufuria hadi juu, unapata maji ya kidole kimoja. Wanaojua hukata vipande vigumu kwa msumeno, upande wa juu ya upepo, mbali na choo. Jiko la mafuta ya taa la kupampu linapashwa kwanza kwa spiriti. Ukiharakisha, mafuta yanatoka mabichi na kuwaka moto mrefu wa njano ndani ya hema. Na tundu la hewa la hema lazima liwe wazi, maana hewa ya sumu ya jiko haina harufu. Baridi inakushawishi uzibe. Usizibe.

Ukiwa na jiko hilo kichwani, habari ya mwaka 1911, ya mbio za kuwa wa kwanza kufika Nchani, inasomeka vingine.

Mnorwe Roald Amundsen na wenzake wanne waliondoka kambini kwao Bay of Whales, pwani ya Antaktika, Oktoba 1911 na sleji nne (vyombo vya kukokotwa juu ya theluji) na mbwa 52. Walikuwa wamejaribu Septemba, baridi ikawarudisha. Walifika Nchani tarehe 14 Desemba na kurudi kambini 25 Januari 1912, siku 99 kwa jumla, wakiwa na mbwa 11. Wengine waliliwa, na mbwa na watu, kwa mpango uliokuwa umeandikwa kabla ya kuondoka. Hapo darasani pita taratibu, wapo watakaosikia kichefuchefu. Nyama mbichi ndiyo iliyowalinda na kiseyeye: tangu kambini walikula sili asiyepikwa sana, maana vitamini C hufa ikichemshwa mno. Amundsen alilijifunza hilo kwenye meli ya Belgica, iliyonaswa na barafu mwaka 1898, mabaharia walipopata nafuu kwa kula nyama ya sili na pengwini.

Ninachokisifu zaidi kwake ni bendera. Bohari ya chakula katika uwanda mweupe ni kama sindano kwenye shamba la pamba. Ukungu ukishuka unapita mita mia pembeni na hujui. Yeye kwenye bohari ya latitudo 80 alisimika bendera 20 kwa mstari unaokatiza njia, kumi kila upande, kila moja umbali wa mita 900 hivi na nyenzake, zote zikiwa na namba. Ukikosea njia kwa kilomita tisa kulia au kushoto bado utagonga bendera, na namba itakuambia ugeukie wapi. Njiani akajenga minara ya theluji kama 150, yenye kimo cha mtu, kila mmoja na karatasi ya kuonyesha uliotangulia uko upande gani.

Mwingereza Kapteni Robert Scott aliondoka tarehe 1 Novemba, akichanganya sleji za mota, farasi wadogo, mbwa, na mwishowe mabega ya watu. Mota moja ilizama baharini siku ya kuishusha melini, nyingine mbili zikafa njiani mapema. Farasi hutokwa jasho, jasho likaganda mwilini, na kwato zikadidimia. Kwa ajili ya udhaifu wao, bohari kubwa ya One Ton iliwekwa latitudo 79°29′ badala ya 80 iliyopangwa. Watu watano walifika Nchani 17 Januari 1912 na kulikuta hema la Wanorwe.

Hapo hesabu ya jiko ikaanza kudai. Vifurushi vya chakula vilifungwa vya watu wanne, na dakika za mwisho Scott alimwongeza wa tano. Kuwapikia watano kulichukua nusu saa zaidi kila siku, na nusu saa hiyo ni mafuta. Posho yao ya juu ya uwanda ilikuwa kama kilokalori 4,500 kwa siku, wakati mtu anayekokota sleji anaunguza zaidi ya 6,000. Halafu makopo. Vifuniko vya makopo ya mafuta vilikuwa na washa za ngozi, yaani pete za kuziba mwanya; ngozi kwenye baridi inakauka na kusinyaa, na mafuta ya taa ni hodari wa kutambaa kupita penye mwanya mwembamba kabisa. Walipofika bohari baada ya bohari wakati wa kurudi, makopo yalikuwa yamepungua bila mtu kuyagusa. Amundsen alijua ubaya huo na akalehemu makopo yake. Mwaka 1929 mwanajiolojia Laurence Gould alipolikuta rundo la mawe la Amundsen pale mlima Betty, kopo la mafuta na kiberiti vilikuwa bado vipo.

Mafuta pungufu ni maji pungufu, chakula cha baridi, na soksi zisizokauka. Mifuko ya kulalia ya ngozi inanyonya pumzi na jasho, yanaganda humo humo. Katika safari ya majira ya giza ya 1911 kwenda Cape Crozier, watu watatu wa kundi la Scott walipofuata mayai ya pengwini kwenye baridi iliyofika −60, mfuko mmoja uliondoka na kilo 8 ukarudi na kilo 20. Na theluji yenyewe inapofika −40 haitelezi tena. Sleji huteleza kwa utando mwembamba wa maji unaotokana na msuguano. Baridi ikizidi utando haupatikani, na unakuwa unakokota gunia juu ya mchanga wa pwani. Machi ile ya 1912, Scott na wenzake wakirudi, ilikuwa hivyo, usiku hadi usiku. Kati ya wale watano, Edgar Evans alikuwa amekufa Februari, Oates akatoka hemani katikati ya Machi asirudi. Scott, Wilson na Bowers waliishia kama kilomita 20 kabla ya One Ton. Pima kwenye ramani nusu ile ya digrii waliyoipunguza kwa ajili ya farasi: ni kilomita 57. Wapo wanaosema Scott hakuwa na bahati. Mimi naanza na washa za ngozi.

Mambo ya leo nitayapita. Mkataba wa Antaktika ulisainiwa na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, Afrika Kusini ikiwa peke yake kutoka bara letu. Mbwa waliondolewa wote kufikia Aprili 1994 wasije wakawaambukiza sili maradhi. Kituo cha Nchani kimejengwa juu ya miguu ili upepo upitishe theluji chini yake badala ya kukifukia. Kinateleza pamoja na barafu kama mita 10 kwa mwaka, kwa hiyo alama ya Ncha hung'olewa na kusimikwa upya kila tarehe 1 Januari. Maji yao wanayapata kwa kupeleka joto ndani ya barafu na kuyeyusha kisima humo humo chini. Swali la binti, kwa bomba.

Jambo la mwisho nimekuwekea wewe wa Songea. Kwenye sleji ya Scott, pembeni ya maiti, kulikuwa na kilo 16 za mawe ambazo hawakukubali kuzitupa. Ndani yake mlikuwa na alama za majani ya Glossopteris, mmea wa zama ambazo Antaktika na Afrika zilikuwa nchi moja yenye misitu. Majani ya jamii hiyo yamepatikana pia kwenye miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu. Malori ya makaa ya Ngaka yanayowapigia honi wanafunzi wako yamebeba misitu ya zama hizo hizo. Ukimpata dereva mwenye roho nzuri, mwombe kipande cha jiwe tambarare lililotoka kwenye tabaka la makaa, ulipasue kwa patasi kufuata mistari yake, polepole. Jani likitokea, nipigie picha.

Mama watoto msalimie sana, na Mzee Komba pia.

Rafiki yako,
Zuberi