Kuhusu hiyo fidla ya zamani

Sahibu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka Unguja. Sote wazima, shaka kwenu huko Tanga.

Umeniandikia kwamba unataka kununua fidla ya zamani. Hiyo karatasi iliyomo ndani yake yenye jina la Stradivari, yule fundi fidla maarufu wa Italia, isikutoe akili. Viwanda vya Ujerumani vilibandika karatasi kama hizo kwa maelfu. Mzee mwenyewe alifariki Cremona mwaka 1737, na fidla yake moja iliuzwa mwaka 2011 kwa karibu dola milioni 16. Wewe unaambiwa uuze pikipiki tu uipate hiyo!

Tena hata ukongwe wenyewe si hoja. Mwaka 2012, karibu na Paris, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwavisha wapigaji mahiri 10 miwani ya giza, wakawapa fidla 12: sita kongwe za Italia, sita mpya. Walipoulizwa wangechukua ipi badala ya zao, sita kati yao walichagua mpya. Kuzitambua kongwe kwa kupiga tu kuliwashinda. Baadaye hata wasikilizaji ukumbini walisema mpya zinafika mbali zaidi.

Kwa hiyo ijaribu kwa sikio. Uzi peke yake hausikiki sana. Daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, ndilo linaloutikisa ule ubao wa juu, na hewa iliyomo ndani huitikia kupitia matundu mawili. Panda polepole kwenye uzi wa G, ule mnene kuliko wote. Ukikaribia noti ya D, kama nusu toni kabla yake, fidla nzuri hunguruma hadi uisikie kwenye mfupa wa bega. Ikiwa hapo pamekufa, uliza kwanza kijiti cha ndani kikoje, kile kinachosimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja, upande wa uzi mwembamba. Hakikugundishwa, kimebanwa tu. Fundi akikisogeza hata chini ya milimita moja, sauti inabadilika. Nimesikia fidla ya kiwanda ikifufuka hivyo, na bei yake haikuongezeka hata senti.

Halafu mpe mtu mwingine apige, wewe kasimame mwisho wa ukumbi. Shavuni tunasikia mno mkwaruzo wa upinde. Kwenye taarabu utagombana na kodiani na ganuni, hapo ndipo utajua kama umenunua sauti au hadithi.

Usitoe hata arubuni kabla sijaja wiki ijayo. Na kijiti kikianguka, legeza nyuzi mara moja, ubao usije ukapasuka. Mpigie muuzaji leo, mwambie tunakuja wawili.

Wako,
Hamadi