Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Udenda na Ukimya

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mhazini ameshazieleza, sina la kuongeza. Mimi nina la ng'ombe waliotoa udenda.

Ugonjwa wa miguu na midomo ulitufikia mwaka huu, tena ulianzia kwangu. Nilinunua dume mnadani, nikamwingiza zizini jioni ile ile. Alikuwa amenona, anakula vizuri. Siku ya tano akaanza kuchechemea, mate yakining'inia kama uzi, na nilipomshika ulimi ngozi ikabaki kidoleni mwangu. Dalili huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, na mnyama huweza kuambukiza wenzake kabla hujaona lolote. Ningemtenga wiki tatu na ndoo yake ya maji, zizi lingesalimika.

Nilitoa taarifa siku hiyo hiyo. Wapo waliosubiri, na sababu naijua: karantini hufunga mnada, na ada za shule hazingoji. Lakini waliowahi kuuza wakiwa na mashaka ndio walioutembeza ugonjwa, na karantini ikazidi kurefuka. Wengine walikuja kwangu kutazama tu, wakarudi kwao na viatu vile vile. Hao sikuwazuia, kosa hilo nalo ni langu.

Kwenye kimeta, ugonjwa unaoua mifugo ghafla na kuambukiza hata watu, sina mzaha. Mnyama akifa ghafla, kavimba, damu isiyoganda inamtoka puani au nyuma, usimchune wala usimpasue. Mzoga ukifunguliwa, vimelea hukutana na hewa, hujifunika ganda gumu na kuishi udongoni miaka na miaka. Fukuza mbwa, mpigie daktari wa mifugo, mzoga uteketezwe au ufukiwe kwa maelekezo yake. Niliwahi kukuta visu vimeshanolewa na masinia yametandazwa. Nilitukanwa sana siku ile.

Ukipiga simu, sema wanyama ni wangapi, dalili zilianza lini, walitoka wapi. "Ng'ombe anaumwa" haimfikishi daktari popote. Mimba zikitoka kwa wingi baada ya mvua kubwa, taja hilo kwanza, na usiguse kijusi mikono mitupu: huenda ni homa ya Bonde la Ufa, nayo huambukiza watu.

Sotoka ya ng'ombe, tauni iliyokuwa ikimaliza mazizi, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo ilifanya kazi, na wafugaji waliosema mapema pia.

Kamati imejenga zizi la kutengea nyuma ya josho. Funguo anazo katibu. Mwezi ujao nanunua mtamba, naye ndiye atakayelifungua.

Mwenyekiti